Mwalimu wa Dessin na Karo Zisizo na Mshono

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nilibeba mchanga mgongoni kabla sijaota ndevu. Nikatandika karo, vile vigae vya sakafu, katika salon za watu, sebuleni kwao, miaka tisa, kwa magoti, mpaka leo magoti yangu yanajua mvua kabla ya mawingu. Sasa nina depo ya karo hapa Mususa, nina parcelle tatu, viwanja vyangu mwenyewe, na mtu akitafuta karo nzuri Butembo nzima, hata adui yangu atamwonyesha mlango wangu. Lori langu lililala kwenye matope siku kumi na moja nami nikalala chini yake. Shule niliiacha darasa la tano, na wale waliomaliza wananiandikia barua za kuomba kazi. Kwa hiyo nikisema yuko mtu mmoja aliyenitia kinyaa mpaka nikashindwa kumaliza sahani ya fufu, mniamini. Mimi si mtu wa kutapika ovyo.

Mtu huyo ni Mwalimu wa dessin, somo la kuchora.

Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Alizaliwa wapi, na nani, hayo si yangu. Mimi nilimkuta amekwisha kuwa tayari: mrefu, mchafu, amesimama mbele ya darasa la tano na chaki nyuma ya sikio. Miaka mingi baadaye, nilipojenga vyumba vya kupangisha nyuma ya depo, alikuja kuchukua kile cha mwisho, karibu na choo, na alikichagua kwa sababu ya choo. Nitaeleza. Alikaa humo miaka kumi na miwili. Na siku moja niliweka mikononi mwake, mikono ile, kitu nilichokitafuta tangu nilipofungua depo: représentation ya kiwanda cha karo. Maana yake ni kwamba karo zote za kiwanda kile zinazoingia upande wetu zinapita kwako kwanza, na wengine wote wananunua kwako. Mtu hapati kitu kama hicho mara mbili.

Lakini kwanza pua yake.

Alivuta tumbaku ya unga. Anaiweka juu ya ukucha wa kidole gumba, anavuta, anapiga chafya, anafuta pua kwa kiganja na kiganja kwa suruali, na suruali ile ukiivua ingesimama yenyewe. Mkono uleule ndio anakupa ukiingia kwake. Mimi nilizoea kufika na funguo za gari katika mkono wa kuume ili nimpe kiwiko. Alikula akiwa kazini, sombe ya majani ya muhogo na fufu upande huu, mashine yake ya kompyuta upande ule, na vidole vinatembea kati ya viwili bila kunawa. Herufi za mashine yake ziling'aa mafuta ya mawese. Kioo kikichafuka alikitemea mate na kukisugua kwa mkono wa shati. Sikuambiwa na mtu, niliona.

Miguuni alivaa kandambili za tairi mwaka mzima, na baridi yetu ya Butembo mnaijua. Hakupaka mafuta hata siku moja. Mke wangu, ambaye ana huruma nyingi kuliko lazima, alimpelekea chupa ya glycérine. Alimrudishia. Akasema wasingya, asante, mais wakati haujafika.

Mke wangu akaja kuniuliza ni wakati gani huo. Nikamwambia mtu yule hana wakati wowote, ana uchafu tu. Nilikosea, na nitasema wapi.

Shule ilipomchosha, au yeye alipoichosha, alijifunza mashine kwenye cyber akiwa tayari na mvi. Kazi aliyojitafutia, nikiieleza hata leo watu wanadhani nimekunywa. Alitengeneza fond za site. Ukifungua site katika simu yako, nyuma ya maandishi kuna kitu: kama kitambaa, kama mbao, kama jiwe, kama karatasi ya zamani. Hicho ndicho fond. Si picha moja kubwa. Ni kipande kidogo cha mraba, sawasawa na karo, na mashine inakipanga yenyewe, kimoja kando ya kingine, juu na chini, mpaka ukurasa unajaa. Ufundi wote ni jicho lisione kipande kinaishia wapi. Alikuwa anawauzia watu wa mbali, watu ambao hajawahi kuwaona wala hawatamnusa.

Hapo ndipo tulipokuwa tunagombana. Mimi ni mtu wa karo. Kati ya karo na karo kuna joint, unaijaza simenti nyeupe, unaipangusa, inanyooka kama uzi, na mwenye nyumba anafurahi. Joint si aibu. Lakini yeye alikuwa anaingia depo, anaangalia sakafu niliyoitandika kwa mikono yangu, ambayo wateja wanaipiga picha, anakunja uso kana kwamba mimi ndiye ninayenuka.

"Mwanafunzi, hii mistari yote ni ya nini? Unaonyesha batu fasi ulichokea?"

Mwanafunzi. Mimi, mwenye nyumba wake, mbele ya wateja.

Namna yake ya kazi niliiangalia mara nyingi, nimesimama mlangoni kwa sababu ya hewa. Anachukua picha, anaikata katikati kama mkate, halafu anabadilisha pande: kilichokuwa ndani kinakwenda nje, na zile kingo zilizokuwa nje zinakuja kukutana katikati. Hapo mshono unatokea wazi kama kovu. Ndipo anaanza kuufuta, tone kwa tone, siku mbili, siku tatu, pua ikidondoka, mpaka kovu linapotea.

"Aibu ya kitu iko pembeni," aliniambia. "Batu banaiachaka kule. Mie ninaileta katikati, ninaitazama."

Akimaliza anakipanga kipande mara mia, anarudi nyuma mpaka ukutani, anafumba jicho nusu. Kama kuna doa moja linalojirudia na jicho likalikamata, anatupa yote na kuanza upya. Mtu aliyeshindwa kufua suruali alikuwa anaona doa dogo kuliko yai la chawa.

Sasa choo. Ukuta wa choo changu, upande usiopata jua, ulikuwa umeota ukungu, kijani na kijivu, ramani juu ya ramani. Niliponunua rangi ili niupake, alinijia mbio, mikono imejaa sombe, kuniomba niuache. Nikauacha kwa sababu rangi ni ghali. Baada ya miezi kadhaa akanionyesha site ya hoteli moja, mbali sana, yenye bwawa la kuogelea na wanawake waliojifunga taulo nyeupe, na nyuma ya maandishi, kutoka juu mpaka chini, ukungu wa choo changu. Nilitambua kila ramani. Halafu kulikuwa na site ya mavazi ya arusi ya watu wa Ulaya, fond ya rangi ya maziwa, laini, ungedhani hariri. Ilikuwa ile ngozi ya juu ya uji uliolala siku tatu. Alipiga picha povu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, lililokauka ndani ya bidoni. Alipiga picha mgongo wa chura. Alipiga picha kidonda cha kiwiko chake kilipoanza kufunga, na hicho kilinunuliwa na muuza chokoleti. Tangu siku ile sionji chokoleti.

Nilimuuliza kama hana haya.

"Uchafu ni ile tu unajua jina yake," alisema, akageukia uji wake.

Na mtu huyohuyo, kanisani, alikuwa mtu mwingine. Mprotestanti wa kweli, sauti ya chini ya kwaya, shati moja jeupe lililohifadhiwa kwa ajili ya Jumapili. Wakati wa maombi alikuwa anainama mpaka pua inagusa benchi, na pasta akamtaja siku moja kama mfano wa moyo uliopondeka. Alikuwa anasoma nyufa za mbao. Lakini hakupiga picha. Alisubiri Jumatatu, akaandika barua ya kuomba ruhusa, akangoja jibu wiki mbili. Na kila fond iliyonunuliwa alitoa sehemu ya kumi, hata ile ya choo. Nikamwambia anampa Mungu pesa ya choo changu. Akanijibu kwa upole: "Choo njo yako. Ukungu ni ya Mungu."

Jambo moja zaidi mnapaswa kulijua, maana ndilo lililoniua. Mtu huyu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kurudisha kitu kilekile mara mia, hakurudia neno. Darasani alisema somo mara moja. Ukiwa unaangalia dirisha, imekwenda. Alitoa vipimo vya mchoro mara moja mimi nikiwa ninatazama mbuzi uwanjani, nikapata sifuri, na sifuri ile ilikuwa moja ya sababu za mimi kuondoka. Nilipomkumbusha, mzee kwa mzee, hakuona haya hata kidogo. Kurudisha, alisema, ni kazi ya motif, ile nakshi inayojirudia.

Basi. Kiwanda kiliniandikia. Walikuwa wamebaki na watu wawili: mimi, na mfanyabiashara mmoja wa Beni, wa Bungulu, mtu anayeuza karo, misumari na samaki wa makopo juu ya meza moja. Kabla ya kuchagua walitaka kuona site ya kila mmoja. Nilipata fundi wa kujenga site, akajenga, akaniambia imebaki fond. Nikacheka. Fond? Nina mwenyewe nyuma ya depo. Nilimwita Mwalimu, nikamlipa dola thelathini alizotaja bila kubishana, nikamwambia kitu kimoja tu: usiniletee choo.

Alikaa wiki tatu. Alipokuja bureau, ofisini kwangu, mke wangu alikuwepo. Akafungua mashine, na mimi, ambaye nimeuza marbre, mawe ya marumaru, ya kila nchi, nikavuta kiti karibu. Ilikuwa kijivu karibu na nyeupe, kama maziwa yaliyomwagika juu ya majivu. Ndani yake mistari myembamba inapasuka, inakutana, inaachana, hakuna unaofanana na mwingine. Nilitafuta mshono kwa jicho la miaka tisa ya magoti. Sikuuona. Mke wangu alinyoosha mkono akagusa kioo, kile kioo cha mate, naye hakujali. Niliona kabisa représentation imekaa juu ya meza yangu.

Nikauliza: "Hii ni marbre ya wapi?"

Mwalimu akainua mguu, akauweka juu ya meza, juu ya karatasi zangu za douane, za forodha, akavua kandambili.

Kilikuwa kisigino. Ufa kwa ufa, vilevile, na unga mweupe ukidondoka juu ya mihuri ya serikali. Ile mistari iliyokuwa inakutana na kuachana ilikuwa imekutana na kuachana pale, katika nyama, na ndani ya ule mkubwa kulikuwa na kitu cheusi.

"Kiangazi yote niliichunga," alisema, na sijawahi kumsikia akisema jambo kwa upendo kama ule. "Sikupakaka kitu. Hii ya katikati ilikawia kufunguka."

Ndiyo sababu alirudisha glycérine. Wakati haukuwa umefika. Ile ndiyo siku fufu ilinishinda.

Nilimwambia atoe mguu, na akishatoa mguu atoe fond. Akasema lakini umeipenda. Nikamwambia nimetoka kwenye mchanga mpaka hapa, siwezi kusimamisha jina langu juu ya kisigino cha mtu asiyeoga. Nikamwambia aweke sura yangu. Mnajua kwetu: mtu mkubwa akifanya jubile, sura yake inachapwa kwenye pagne, kitenge, maua yanaizunguka, wamama wanaivaa kutoka kifua mpaka miguu. Nilitaka hivyo. Sura yangu, na tai, na maua, site nzima.

Wakati huo dereva alinipigia simu, lori limekwama tena. Mwalimu alisema kitu. Nilisikia kwa sikio moja, nikamfanyia mkono kwamba ndiyo, ndiyo, aende. Mke wangu ndiye aliyesikia yote, akanirudishia baadaye, wakati haikuwa na faida:

"Fond lazima ififie, juu maandishi ionekane. Na sura ya mutu yenye kufifia, katikati ya maua, mara mia, hiyo ni pagne ya kilio."

Alisema mara moja. Halafu akaenda kufanya kazi niliyomtuma. Nitasema ukweli ingawa unaniuma: aliifanya vizuri. Sikio langu liliishia ndani ya ua, na ua likaanza kuwa sikio la pili, na hukuona mahali. Hakuchukua pesa nyingine.

Site ilifunguliwa asubuhi. Kabla ya saa sita mtu wa Kampala ninayefanya naye biashara alipiga simu, akamkuta mke wangu, akalia. Saa nane wamama wa mtaa waliingia na masufuria na kuni. Saa tisa vijana walikuwa wanafunga bâche, turubai la matanga, juu ya geti yangu. Nilitoka nje mimi mwenyewe, mzima, na suti, kuwaambia nipo. Walilia zaidi. Mama mmoja mzee aliyetoka Lubero juu ya pikipiki alinishika mashavu, akanigeuza huku na huku, halafu akasema sawa, mutu iko muzima, mais batu banatoka mbali, banapashwa kula. Na nani kwetu anaweza kumfukuza mtu aliyekuja kumlilia? Walikula siku mbili. Kwaya ilikuwa imekwisha kuchapisha tisheti kutoka kwa site, na kwa sababu zimekwisha kulipwa, walizivaa. Nilikaa chini ya bâche nikijitazama juu ya matumbo ya watu thelathini.

Mwalimu naye alikuja. Anaishi ndani ya parcelle yangu, ananiona kila asubuhi nikipiga mswaki, akaja na shati la Jumapili na kukaa benchi la nyuma. Nilimwendea, nikamuuliza yeye anamlilia nani. Hakunitazama. Alikuwa anatazama ubavu wa tisheti ya msichana mmoja, mahali kitambaa cha mbele kinapokutana na cha nyuma.

"Fundi wa nguo aliharibu mushono," alisema kwa huzuni.

Kiwanda kiliandika barua kwa mjane wangu. Barua nzuri, ya heshima, ya kumtakia nguvu. Na kwa kuwa nyumba imempoteza mwenyewe, représentation imekwenda Beni. Nilipiga simu. Niliandika. Niliwatumia picha yangu nimesimama mbele ya depo na mikono kiunoni. Walifurahi sana kwamba ninaishi, lakini mkataba ulikuwa umetiwa sahihi.

Niliyomwambia Mwalimu siku hiyo siyaandiki, watoto wanasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mashine ndani ya blanketi, akaenda Beni, Mulekera, kwa binti yake. Mlangoni alisema neno moja: "Nilisema." Chumba chake nilikisugua kwa dawa mara tatu. Ukuta wa choo niliupaka rangi. Ukungu umerudi.

Mwaka haujaisha, nililazimika kwenda Bungulu mimi mwenyewe, maana karo sasa zinapita kwa yule wa misumari na samaki. Mimi, ambaye watu wananingoja, niliambiwa ningoje. Nikainua macho, na ukutani, pale wanapoonyesha karo mpya, niliiona. Magoti yangu yaliijua kabla yangu. Kijivu karibu na nyeupe. Mfanyabiashara wa Beni aliinunua fond ile kwa Mwalimu, akaiweka kwenye site yake, kiwanda kikaipenda, kikaomba ruhusa kuichapa juu ya karo. Aliniambia bila ubaya, akinihudumia, kwamba hiyo ndiyo inaondoka haraka kuliko zote.

Na Mwalimu alikuwa pale pale, kwenye kiti pembeni, kama mzee wa nyumba. Suruali safi. Pua kavu. Viatu vya ngozi, vya kufunga kamba.

"Wavukire, Mwalimu," nilimsalimia.

"Mwanafunzi."

Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Nilimwambia anionyeshe kisigino. Hakuuliza sababu. Aliinama polepole, akafungua kamba, akavua kiatu, akavua soksi, akaugeuza mguu kwenye mwanga. Kilikuwa laini kama cha mtoto ambaye hajakanyaga chini. Kilinuka glycérine.

"Iko wapi?" nilimuuliza.

Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Ilibakia kule tu."

Mguu ule safi ulinitia kinyaa kuliko ule mchafu, na mpaka leo sijui kwa nini. Nilitoka nje kuvuta hewa. Niliporudi alikuwa anafunga kamba.

Nilichukua karo za wateja wangu, na kipande kimoja cha mfano. Mke wangu alikiona juu ya meza, akasema hii ndiyo ya salon yetu. Nikamkumbusha ni nini. Akasema anajua, alikuwepo, na ni nzuri. Sikumwachia fundi yeyote. Nilipiga magoti mimi mwenyewe, na umri huu, siku nne, nikazibananisha, nikajaza kati yake simenti ya rangi yake, siyo nyeupe. Nilipomaliza nilirudi nyuma mpaka ukutani, nikafumba jicho nusu. Sikuona nilipochokea. Wageni wakiingia wanavua viatu bila kuambiwa, na mimi ninawaacha wakanyage.

Représentation siihesabu, ile haina bei. Ninahesabu karo, usafiri kutoka Beni, simenti, karo mbili nilizovunja kwa hasira, na zile dola thelathini za mwanzo ambazo hakunirudishia na mimi sikumwomba. Kisigino cha Mwalimu wa dessin kimenigharimu dola mia tisa kumi na saba.